Kawa la Bi Hadia

"Funika uso, funua kawa," alisema Bi Mkasi, na sindano yake ikaendelea kupita kwenye ukili wa mkeka bila kusita.

Kazi ilikuwa katikati. Mkeka ulikuwa umetandazwa ukumbini, upande mmoja umeshashonwa, upande wa pili bado ni mzingo wa ukili uliosubiri zamu yake. Mjukuu wake Nasra alikuwa ameshika ncha ili usijikunje. Hamdu, kaka yake Nasra, alikuwa amepewa kazi ya kuloweka miyaa, yale majani makavu ya kushonea, lakini mkono wake mmoja ulikuwa ndooni na wa pili ulikuwa kwenye simu. Alikuwa akijibizana na watu asiowajua, nao hawamjui, na alikuwa amewasomea Nasra na bibi yao kwa sauti alichowaandikia, kwamba jana ametumia laki moja kwa chakula cha mchana.

"Laki moja!" Nasra alicheka. "Jana umekula boga, Hamdu. Tena ukaomba kuongezewa."

"Wao watajuaje? Jina langu halipo."

Ndipo bibi yao aliposema maneno yale.

"Bibi, hayo umeyatunga sasa hivi?" Hamdu aliuliza.

"Ningekuwa na akili hiyo, ningekuwa tajiri kama wewe wa jana."

"Basi yametoka wapi?"

"Yametoka mjini Chake, kwenye nyumba mbili zinazotazamana. Wewe loweka, mimi niseme. Mwanzo wake ulikuwa huu."

Palikuwa na mwanamke kijana akiitwa Somoe, mke wa Makame fundi baiskeli. Somoe alijua kushona vizuri, lakini hakuwa na cherehani. Alishona kwa cherehani ya kuazima, na mwenyewe alikuwa na tabia ya kuidai pale pale pindo linapofika nusu. Kwa hiyo Somoe alinunua kibubu cha udongo, akakiweka juu ya kabati, na kila alichopata akakitumbukiza humo. Maalim Khelef mwenye duka akamwekea cherehani moja kando. Akamwambia, "Nitakungojea mpaka Idi, mwanangu. Ikishapita Idi, atakayekuja na pesa ataichukua, nami usinilaumu."

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, kibubu kilikuwa kizito. Makame alipenda kukishusha kwa mikono miwili, magoti yakimtetemeka kwa mzaha. "Nipisheni! Nimebeba cherehani."

Ng'ambo ya njia alikaa Bi Hadia, mjane mtu mzima, mwenye ulimi mtamu na jogoo mmoja. Mtaani kwao, kama mitaa mingine ya huko, kabla ya adhana ya magharibi majirani hupelekeana futari. Sahani hufunikwa kawa la ukili, huvushwa njia, na ada ni kwamba sahani hairudi tupu. Aliyeletewa leo, kesho huirudisha na cha kwake. Somoe akipeleka muhogo wa nazi, Bi Hadia hurudisha kunde. Somoe akipeleka magimbi, Bi Hadia hurudisha ndizi mbichi za kuchemsha. Hakuna aliyepima, na kila mtu alikuwa akishiba.

Sasa, kwenye simu ya Somoe mlikuwa na jukwaa likiitwa Mafiga Matatu. Watu wa pande zote walikutana humo kuzungumza habari za jikoni na matumizi ya nyumba, na sharti lilikuwa moja tu, kutotaja jina. Kila mtu alijipa lakabu. Somoe alikuwa Mwiko. Aliyevuma kuliko wote alikuwa mtu mmoja aliyejiita Bibi Iliki.

Siku moja mtu akauliza humo, "Leo meza yako ina nini, na imekugharimu kiasi gani?"

Bibi Iliki akawa wa kwanza kujibu. Pilau ya kuku, sambusa za nyama, tambi za maziwa. Akataja na gharama yake, kisha akamalizia, "Na hapo leo nimejibana."

Somoe aliusoma ujumbe ule, akalitazama sufuria lake la muhogo. Kisha vidole vyake vikaandika vyenyewe: "Kwangu kuku wa kupaka, na juisi za namna tatu."

Alijisikia vibaya kidogo. Lakini watu wakamsifu, na kesho yake akaandika tena, na kesho kutwa akaongeza na mkate wa mayai. Uongo wa chakula una tabia yake. Ukishauandika mara kwa mara, unaanza kuuonea njaa. Somoe akawa anamtazama mumewe akila muhogo kama anayemtazama mgonjwa.

"Mbona unanitazama hivyo?" Makame aliuliza. "Nimeota pembe?"

"Wenzetu wanafuturu kuku."

"Wenzetu gani?"

"Kuna Bibi Iliki."

"Bibi Iliki binti nani? Anakaa wapi?"

Somoe akamwongezea muhogo. Siku iliyofuata, Makame alipokwenda kazini, Somoe alikishusha kibubu akakipasua. Alichota fedha za kutosha, zilizobaki akazifunga kwenye kitambaa, akaenda sokoni. Jioni nyumba nzima ilinukia. Akachukua sahani yake, ile yenye maua ya buluu iliyomeguka ukingoni, akaweka paja zima la kuku wa kupaka, akaifunika kawa na kuvuka njia.

Bi Hadia alifunua kidogo, akachungulia, akafunika tena haraka. "Makubwa! Kuna harusi, mwanangu?"

"Hakuna, bibi. Ndiyo futari yetu tu ya kila siku."

Mpaka hapo Somoe alikuwa amedanganya bila uso. Huo ulikuwa uongo wa kwanza kuusema uso kwa uso, na alivuka njia kurudi kwake bila kugeuka nyuma.

Kesho yake mchana alikuwa ameshavaa buibui kwenda kununua kuku wa pili, kwa maana mtu aliyesema "kila siku" hawezi kupeleka muhogo siku ya pili. Kile kitambaa cha fedha kilikuwa mkononi. Akafungua simu mara moja tu, aone wenzake wanapika nini. Akakuta ujumbe wa Bibi Iliki.

"Jamani nisaidieni. Jirani yangu kijana kaniletea paja zima la kuku katika sahani ya maua ya buluu iliyomeguka, na sahani hairudi tupu. Ndani nina kunde. Nikirudisha kunde nitaonekana bahili, na yeye anasema kuku ndiyo chakula chake cha kila siku. Nina jogoo mmoja, ndiye anayeniamsha daku. Tangu asubuhi nimemkamata mara mbili. Ananitazama, namwachia."

Somoe alikuwa bado anasoma, mara ng'ambo ya njia jogoo akapiga ukelele, mbawa zikapiga ukuta, na sauti ya Bi Hadia ikasikika, "Simama! Simama, mwanaharamu wee, tuzungumze!"

Somoe akakaa chini na buibui lake.

Humo kwenye Mafiga Matatu watu walikuwa wameshaanza kumcheka. "Si juzi tu ulikuwa na pilau ya kuku, Bibi Iliki?" "Kumbe pilau ya kunde!" "Mrudishie jirani mbuzi, akome!"

Somoe aliona mambo mawili. Angeweza kucheka pamoja nao, hakuna ambaye angemjua. Angeweza pia kunyamaza na kwenda zake sokoni. Jogoo angechinjwa leo, kesho yeye angelazimika kupeleka kikubwa zaidi, na kitambaa kile kingekwisha kabla ya Idi. Alifikiri sana. Kisha akaandika polepole, neno baada ya neno.

"Bibi Iliki, rudisha kunde. Huyo jirani yako namjua. Hana utajiri wowote. Amepasua kibubu cha cherehani ili afanane na meza tunazoziandika humu. Na mimi Mwiko mwezi huu sijala kuku ila jana, na hata huyo sikuuona utamu wake. Leo jikoni kwangu kuna muhogo."

Somoe akadhani amelivunja jukwaa. Kisha mtu mmoja akaandika, "Kwangu leo boga." Mwingine akasema, "Uji na tende, na tende zenyewe za kupewa." Akafuata wa tatu. "Juisi zangu za namna tatu ni maji ya bomba, maji ya mtungi na maji ya kuomba kwa jirani." Baada ya hapo haikuwezekana kuwazuia. Watu walikiri kama wanaoshindana. Aliyeandika nyama akasema ilikuwa dagaa. Aliyeandika dagaa akasema ilikuwa mchuzi wao tu. Mmoja akauliza, kwa kweli safari hii, namna ya kuifanya nazi moja itoshe watu saba, na akapata majibu mazuri kuliko yote yaliyowahi kuandikwa humo.

Bibi Iliki peke yake hakusema neno.

Jua lilipokaribia kuzama, mlango wa Somoe ukabishwa. "Hodi."

Bi Hadia alikuwa amesimama kizingitini na sahani mkononi, imefunikwa kawa. Upande wa kanga alikuwa ameuvuta mpaka kidevuni, hata macho hayaonekani.

"Karibu, bibi. Umejitanda hivyo, kuna jua gani saa hizi?"

"Niache, mwanangu. Uso wangu leo hauna kazi hapa. Pokea sahani."

Somoe akanyoosha mkono kwenye kawa. Bi Hadia akalikandamiza. "Usifunue mpaka niondoke."

"Lakini harufu imeshaingia ndani kabla yako, bibi."

Kanga ikatikisika kidogo.

"Jogoo hajambo?" Somoe aliuliza.

"Hajam..." Bi Hadia akakatisha. "Nani kakwambia habari za jogoo?"

"Nimezisikia kwa Mwiko."

"Ala! Kumbe Mwiko ni wewe!"

"Mimi simjui Mwiko. Kama wewe usivyomjua Bibi Iliki."

Hapo kanga ilitikisika yote, kuanzia kichwani mpaka miguuni, na kicheko kikatoka ndani yake kama maji yanayochemka chini ya kifuniko. Somoe naye alicheka mpaka akashika mlango.

"Sikiliza, bibi," alisema alipopata pumzi. "Uso ni wako, funika ukitaka. Lakini kawa, funua!"

Basi Bi Hadia, kanga bado imemfunika uso, akaliinua kawa juu kama anayevua kofia. Kunde za nazi, moshi bado unafuka.

Kutoka ndani Makame akachungulia. "Kunde? Alhamdulillahi! Nilidhani ni kuku tena."

Adhana iliwakuta watatu wale mkekani. Baada ya kula, Somoe alimweleza mumewe habari ya kibubu. Makame alikuwa ameshaviona vigae tangu jana yake. "Nilikuwa nangoja useme," alijibu. Idi ikapita, na Maalim Khelef akaiuza ile cherehani kwa mtu mwingine, kama alivyosema. Somoe alisikitika, ila hakumlaumu. Alipata nyingine mwezi wa Mfungo Tatu, kuukuu kidogo lakini haidaiwi na mtu. Mteja wake wa kwanza alikuwa Bi Hadia, aliyelipa kwa kunde.

Na jioni ile ile ya kunde Mwiko aliandika Mafiga Matatu maneno manne tu. Yalihama simu hadi simu, kisha yakatoka kwenye simu yakaingia vinywani mwa watu.

Bi Mkasi aliuvuta muwaa, akaukaza.

"Kwa hiyo, bibi, kuficha jina ni kosa?" Hamdu aliuliza.

"Nani kasema? Jina ni stara. Bi Hadia asingeweza kuuliza ile habari ya jogoo bila lakabu. Lakabu ilimsaidia siku ile aliyosema kweli. Siku nyingine zote ilimkondesha." Akanyoosha mkono bila kutazama. "Nipe muwaa mwingine."

Hamdu hakutoa kitu. Alivuta fulana yake juu mpaka ikamfunika kichwa kizima, kisha kwa mkono wa pili akaisogeza ndoo mbele ya bibi yake. Nasra akachungulia. Miyaa michache ilikuwa majini, na bunda lote lililobaki lilikuwa kavu pembeni, bado limefungwa kwa kamba yake.

"Ndivyo ilivyo, bibi," sauti ilitoka ndani ya fulana.

Nasra aliangua kicheko akaiachia ncha ya mkeka, nao ukajikunja. Bi Mkasi aliitazama ndoo, akamtazama mjukuu wake asiye na kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Akaichomeka sindano kwenye ukili.

"Miyaa mikavu haishonwi. Lowekeni yote, tutaendelea kesho," alisema. "Funika uso, funua kawa."