Bega la Kasanda

“Mzigo wa mwenzio ufunge kwa bega lako.” Mmeisikia methali hii, mkataka kujua imetoka wapi. Mimi niliipata njiani, kwa watu wa magharibi, nao walisema mwanzo wake ni huu.

Msafara wa chumvi ulikuwa umekwisha kutoka Uvinza, umeshika njia ya Unyanyembe, Bukuru alipoukuta kambini, jasho linamtoka kwa mbio. Alikuwa mgeni, anamfuata dada yake aliyeolewa huko. Akaomba mzigo, kwani peke yake asingelipita lile pori la simba. Mpagazi mmoja alikuwa ameshikwa na homa akarudi kwao, kwa hiyo mzigo ulikuwapo. Wapagazi wakamtania kwamba ana shingo ya korongo. Akawajibu kwamba korongo hufika mbali kuliko kuku. Wakacheka wote isipokuwa Lugoye, mnyampara wa msafara. Yeye alidhani kuku ni yeye.

Kufunga mizigo ilikuwa kazi ya Kasanda, mzee aliyekwisha kuacha kubeba. Lugoye akamwita pembeni, akamwagiza aufunge mzigo wa mgeni, mabonge ya chumvi yenye ncha yaelekee begani. Na desturi ilikuwa moja: anayeshindwa mzigo huachwa porini. Kasanda hakubisha. Akafunga, akajitwika, akazunguka kambi. Akautua, akaufungua, akageuza mabonge, akatandika majani makavu, akajitwika tena. Ndipo akampa Bukuru.

“Mzee, nilikuambia nini?” Lugoye akauliza.

“Uliniambia nifunge, mnyampara. Sina bega jingine la kupimia ila hili langu.”

“Basi hilo bega lako ndilo litakalobeba.”

Akaufumua mzigo, akaufunga mwenyewe alivyotaka, akamtwika mzee. Bukuru akataka kumpokea, akakatazwa. Wakaenda. Jua lilipofika utosini damu ilikuwa imemshukia Kasanda mpaka kiunoni, naye anayumba. Kila mtu aliona kwamba mzee hatafika. Mpagazi wa mbele akatua mzigo wake. Wa pili akatua. Wakatua wote, wakaketi, wakasema hawainuki mpaka aliyeufunga ule mzigo aubebe yeye. Lugoye akatukana, kisha akabembeleza, mwisho akainama atwikwe.

“Ngoja,” Kasanda akamwambia. “Bado haujafungwa.”

Akaufungua. Akageuza mabonge, akatandika majani, akaujaribu kwenye bega lile lile lenye kidonda. Haukumridhisha. Akavua shuka yake, akaikunja juu ya majani, akaujaribu tena.

“Sasa unabebeka. Inama, mwanangu.”

Nimezunguka nchi nyingi, na mtu wa namna hiyo sijakutana naye.

Bukuru alifika kwa dada yake, akaoa huko huko. Lugoye aliufikisha mzigo, akaacha unyampara, akalima mtama. Kidonda cha Kasanda kilipona kikaacha kovu. Alifunga mizigo mpaka macho yakamwishia nuru, akafa, akazikwa Uvinza. Na wapagazi waliomfuata, kila walipokaza kamba, walikumbushana: mzigo wa mwenzio ufunge kwa bega lako.