Kisima Kifupi cha Bi Kanga

Paukwa! Mliokaa mbele na mliosimama mlangoni, paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilima, siku ya Jumanne, saa moja na robo asubuhi, kisima cha Bi Kanga kilikauka. Wako wasemao ilikuwa Jumatano. Sivyo. Jumatano kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kujua.

Bi Kanga alishusha kibuyu. Ko! Kikagonga matope. Akatazama matuta yake ya mchicha. Majani yalikuwa yamelala. Mchicha ule ndio uliokuwa chakula cha vifaranga wake mpaka masika.

Jirani yake, Ngiri, akacheka ng'ambo ya ua.

"Kisima chako kifupi kama mkia wako, jirani! Chimba! Mimi nilichimba mpaka meno yakashika baridi."

"Mbona mchicha wako umeungua ncha, Bwana Ngiri?"

"Jua hilo!"

Udongo wa Ngiri ulikuwa umefanya ukoko mweupe. Bi Kanga aliuona. Lakini mchicha wake mwenyewe ulikuwa unakufa. Akamwita Mhanga, fundi wa visima.

Mhanga akashuka kisimani. Chaku, chaku, chaku! Udongo ukaruka. Chaku, chaku! Mara, bubu-bubu-bubu, maji yakafoka.

"Maji! Maji!" Vifaranga wakakimbilia matuta na vibuyu vyao.

"Simameni!" akasema Bi Kanga. "Nyumbani kwetu mche haunyweshwi maji ambayo mama hajayaonja."

Akachovya mdomo. Ptu! Akatema.

"Chumvi, fundi! Chumvi tupu!"

Mhanga naye akaonja. Masikio yake marefu yakaanguka.

"Huku kwetu maji matamu hukaa juu, ya chumvi chini yake. Nimepita mpaka, Bi Kanga."

"Basi rudisha udongo mpaka kina cha zamani, maji matamu yajikusanye tena. Kisha unichimbie kingine pale, kifupi. Tutateka hapa asubuhi, pale jioni, visima vipumzike."

"Nimechimba tangu ujana wangu. Leo ndiyo mara ya kwanza kuitwa nifukie!"

Akafukia, akinung'unika. Akachimba kile kingine, pole pole, akakomea pale unyevu ulipoanza kutona. To, to, to. Wakangoja maji yajikusanye. Bi Kanga akachovya mdomo. Akafumba macho. Vifaranga wakabana pumzi.

"Matamu," akasema, akaketi pale pale kwenye matope, akicheka.

Wakamwagilia kidogo kidogo. Jioni majani yakainuka. Ua nao ukalia, kwaru! Ngiri akapenyeza kibuyu.

"Dada Kanga," akasema kwa sauti ndogo, "hebu nionjee na yangu."

Ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo: katika nchi ya chumvi, usishindane na kina. Teka kwa kiasi, na uonje kabla ya kumwagilia.

Hadithi yangu naitua hapo. Na wale wasemao ni mvua iliyouokoa mchicha ule, waambieni: mvua haikunyesha.