Mkwaju wa Upande wa Bahari

Twendeni pwani kidogo, wapendwa. Kulikuwa na bwana mmoja aliyerudi nyumbani kwao baada ya miaka mingi mjini. Wazazi walishatangulia, alibaki dada yake mkubwa, aliyeacha shule mapema na hakuolewa. Uani ilisimama mikwaju miwili. Desturi ya kwao, mtoto akizaliwa kitovu chake huzikwa na mti hupandwa juu yake. Wa dada ulikuwa upande wa bahari, wa kaka nyuma yake.

Bwana yule alishika mashina akakumbuka utoto mpaka machozi yakamlengalenga: ukwaju wa kuchovya kwenye chumvi, meno yakiingia ganzi, dada akimwachia lile ganda kubwa. Ah, utoto mtamu jamani! Lakini macho ya mjini nayo yana kero zake. Mti wake ulinyooka kama mlingoti. Wa dada ulikuwa mfupi, umepinda, matawi yote yamelalia bara.

"Dada, huu kibiongo unaharibu ua. Niukate, nyumba ipate sura?"

"Kitovu changu kiko hapo, mdogo wangu. Ila kama unakukera, kata."

Akakata. Nanyi mngekata, msinitazame hivyo!

Ukaja msimu wa kusi. Upepo ukavuma kutwa kucha, na ule mkwaju ulionyooka ukang'oka na mizizi yake, ukalala uani.

"Dada, mbona mti wangu mzima namna hii umeanguka? Kusi si huja kila mwaka?"

"Huja kila mwaka," dada akasema. "Lakini mti wako haukuwahi kukutana na upepo huo. Wangu ndio uliokuwa ukiupokea."

Bwana akamtazama. Siku hiyo ndipo alipouona mgongo wa dada yake, umepinda kwa kuponda kokoto miaka yote aliyokuwa akimsomesha. Akalia kama mtoto.

Sisi tuliokaa hapa tumenyooka, mashati yamepigwa pasi, twamshukuru Mungu kwa kutunyoosha. Sawa. Lakini alimtumia nani? Nani alisimama upande wa bahari ili wewe ukue? Na leo akija kwako mbele ya wageni, si unamwonea haya?

Mti ule haukurudi, wapendwa. Dada alikuwa bado yupo. Kama wako yupo, ukitoka hapa nenda kwake, na ukifika usikae tena nyuma yake. Kaa wewe upande wa bahari.