Nakala Iliyokatika

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Mkamburi wa Mgange, Agosti 2016, siku ya tano baada ya kujifungua binti yake wa mwisho, mbele ya wanawake waliokuja kumwona mzazi.

Palikuwa na watu watatu. Malemba, mama mkwe wake, hakusahau mwili wa mtoto yeyote aliyempakata. Mshai, mpimaji wa maabara mjini, hakuona haya kurudia kazi aliyokwisha kuitia sahihi. Mghoi, binti wa Mkamburi, wakati huo wa miaka kumi na mmoja, aliogopa sindano kuliko nyoka, lakini akishasema ndiyo, harudi nyuma.

Mdogo wake Mghoi, Wawuda, aliishi kwa damu ya kuongezewa. Kila asubuhi Mkamburi alimfunua kope kabla ya kuwasha moto, akihofia weupe atakaoukuta. Daktari alisema uboho wa ndugu ungemponya. Mghoi alilingana naye, na kaka yao Mwandoe pia. Majibu ya maabara yakasema ukoo hauna kasoro ya kurithi. Akachaguliwa Mwandoe, kwa kuwa ana mwili mkubwa.

Malemba aliposikia, aliushika mkono wa Mwandoe.

"Mkamburi, hesabu pingili za gumba hili mnalolicheka."

"Tatu, Mama."

"Na la Wawuda?"

"Tatu."

"Wanangu wawili niliowazika weupe kama unga walikuwa nalo. Huyu asitoe kitu."

Mkamburi alilipeleka neno hilo maabara. Mshai hakumcheka. Alirudia kipimo siku nne.

"Nisamehe, mama," alisema. "Mwilini mna mashine ndogo ndogo za kutengeneza protini, na kila kipande cha mashine kina maelekezo yake. Nakala za maelekezo hayo zimetapakaa, nyingi zimekufa. Zinazofanya kazi ni mbili tu, ya baba na ya mama. Mimi nilisoma iliyokufa, nikaiona nzima. Ile hai, ya baba, imekatika. Ndiyo inayozuia damu kuundwa, na gumba la pingili tatu ni alama yake."

"Kwa Wawuda?"

"Na kwa Mwandoe, ingawa yeye haumwi. Uboho wake ungemwua dada yake. Mghoi ni mzima."

Akabaki Mghoi.

"Itauma?" alimwuliza mama yake.

"Itauma, mwanangu."

"Basi nishike mkono, ila usiniangalie usoni."

Uboho ukatolewa, akatiwa Wawuda. Wiki sita Mkamburi hakuthubutu kutamka neno kupona. Kisha asubuhi moja alifunua kope, akakuta wekundu. Alikaa chini sakafuni.

Miaka sita ikapita, akazaliwa huyu binti. Mkamburi alimhesabu pingili za magumba kabla ya kumnyonyesha. Mbili, mbili. Akaapa kumpa jina la aliyemwokoa Wawuda. Lakini jina ni moja, na waokoaji ni watatu.

"Mpe la bibi, ndiyo desturi," alisema jirani.

"Bibi alikumbuka tu. Aliyesoma ni Mshai," alidakia mwingine.

"Aliyekosea kwanza?"

"Na aliyechomwa je?" Mghoi aliuliza kutoka jikoni, wakacheka wote isipokuwa Mkamburi.

Malemba alifariki mwaka 2021. Mshai yu hai, Mghoi yu hai, Wawuda yu hai. Mwandoe naye yu hai, na kila mwaka hupima damu. Mkamburi yu hai, na halitaji jina alilompa mtoto mpaka msikilizaji aseme kwanza. Je, wewe ungempa la nani?