Mabaki ya Pombe ya Matanga

Hapo zamani, enzi ambazo ukungu wa milimani uliingia majumbani bila kupiga hodi, katika kijiji cha Mghambo aliishi mwanamke mmoja jina lake Nakijwa. Mumewe aliitwa Mbonea. Waliishi boma moja na mama yake Mbonea, mjane aliyejaliwa watoto wawili tu, na Nambua, dada yake Mbonea, msichana asiyejua woga.

Siku moja mtamba wao wa ng'ombe alipotea. Mbonea akachukua fimbo, akaingia msituni kumtafuta. Mtamba akarudi. Mbonea hakurudi.

Wanaume wakapiga mbiu, wakashuka mabondeni, wakaita mpaka sauti zikakauka. Wakaikuta fimbo yake ukingoni mwa genge la mlima, na chini ya genge ukungu mtupu. Mwili hawakuuona.

Matanga yakakaliwa. Wazee wakasema, "Pikeni pombe tumsindikize."

Nakijwa akaloweka ulezi, akauotesha, akauanika juani hadi ukawa kimea. Akakisaga kimea huku mimba ikimzuia kuinama vizuri na machozi yakidondokea unga. Pombe ikaiva. Watu wakaja, wakanywa, wakalia, wakaondoka.

Sasa sikilizeni. Desturi ya pale ilikuwa hivi: pombe ya matanga isibakize kitu. Kimea kilichosalia kimwagwe mtoni. Chachu iliyotulia chini ya chungu imwagwe njia panda. Walisema marehemu hawezi kulala ikiwa karamu yake haijaisha.

Nakijwa akabeba kapu la kimea kilichosalia bila kusagwa hadi mtoni. Akasimama. Mkono ukakataa. "Sijaona maiti," akajiambia. "Namwaga kwa ajili ya nani?" Akarudi nalo kimyakimya, akalificha darini, juu ya meko.

Mama mkwe akabeba chachu hadi njia panda. Akasimama. Mkono ukakataa. Akaitia kwenye kibuyu, akakificha chini ya kitanda chake, na kila alipokula aliitilia unga kidogo isife.

"Umemwaga, mama?"

"Nimemwaga, mwanangu. Na wewe?"

"Nimemwaga."

Hawakuweza kutazamana.

Haukupita muda, Nakijwa akaanza kusikia kitu darini. Si panya. Ilikuwa kama mtu anayetafuna polepole, akipumzika, akitafuna tena. Akapanda na kufunua kapu. Kimea kile kilichokaushwa juani, kilichokwisha kufa, kilikuwa kimeota upya gizani. Vimizizi vyeupe vilikuwa vimetokeza nje ya kapu kama vidole vya mtoto, na vyote, hata kimoja kisikosekane, vilielekea upande wa genge.

Akashuka, akakimbilia kwa mama mkwe. Kabla hajaingia akasikia kizibo kikifyatuka, kisha pumzi ndefu, kisha sauti ya mama mkwe ikibembeleza: "Kula, baba. Kula ushibe."

Alipoingia, Nambua alikuwa amekwisha fika. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, akikitazama kibuyu kilivyokuwa kinafura na kunywea, kinafura na kunywea.

"Mama, kumbe hukumwaga," akasema. Akamgeukia Nakijwa. "Na wewe, wifi, usoni huna damu. Umeficha nini?"

Nakijwa akasema kweli.

"Basi vimwageni leo," Nambua akasema.

Hakuna aliyesogea.

"Kama hammwagi, vipikwe. Vikikaa vitaoza, na sijui huyo anayepumua humo atakuwa nani vikisha kuoza."

"Usithubutu!" mama akalia. "Hakuna aliyewahi kupika mabaki ya matanga!"

"Mlithubutu kuyaweka. Nitathubutu kuyamaliza."

Nambua akakianika kimea upya, akakisaga, akakoroga uji, akauacha upoe, akatia chachu yote hadi tone la mwisho. Wale wawili walisimama nje, hawakugusa hata kuni. Chungu kikafunikwa kwa majani ya mgomba. Moto ulikuwa umezimwa, lakini chungu kilichemka. Mbuzi wakakataa kutoka zizini. Wakasimama wote, wakiutazama mlango wa jikoni.

Asubuhi pombe ilipoiva, ukungu ulikuwa mzito. Mtu akakohoa nje. Nakijwa alikijua kikohozi kile.

Mbonea akaingia. Nguo zake zilikuwa zimelowa, lakini hazikudondosha maji. Kulikuwa na baridi, na kila aliyesema alitoa mvuke mdomoni. Yeye alisema, mvuke usionekane.

"Nilikuwa mahali pasipo na njia," akasema. "Nikasikia kimea kikiota, nikajua upande wa nyumbani. Nikaanguka kwa njaa, chachu ikanilisha, nikasimama. Lakini kulikuwa na ukuta wa ukungu, sikuweza kuupita, hadi harufu ya pombe ilipoupasua."

Nakijwa akanyoosha mkono. Mbonea akarudi nyuma.

"Bado. Mmeniita kwa mabaki, na mabaki hayatoshi watu watatu. Nitaishi kwa mmoja wenu, anione, anishike. Wawili watakaobaki hawataniona tena, wala hawatakumbuka kwamba niliwahi kuwapo. Chagueni kabla sijamaliza chungu hiki kata kwa kata. Mkishindwa, narudi nilikotoka."

Akateka kata, akanywa.

Nakijwa akasema, "Ni wangu. Bila kimea hakuna pombe. Wote mlikubali amekufa, mimi sikukubali. Na nimebeba mtoto wake. Nikimsahau, mtoto huyu nitamwambia katoka wapi?"

Akateka kata, akanywa.

Mama akasema, "Ni wangu. Kimea bila chachu ni uji. Nilimlisha kwa titi akiwa mtoto, nikamlisha kwa kibuyu akiwa maiti. Wewe ni kijana, utaolewa. Mimi sitazaa tena."

Akateka kata, akanywa.

Nambua akasema, "Ni wangu. Ninyi mlificha, mkaogopa, mkaacha ndugu yangu akipapasa ukuta. Nani aliwasha moto? Nani alilala na chungu kile chumba kimoja? Nyote mlikuwa nje."

Nakijwa akamtazama mumewe machoni. "Na wewe, baba? Wewe unamtaka nani?"

Mbonea akaitazama kata. "Mliponiita hamkuniuliza," akasema. "Nilikuwa nimeanza kuisahau baridi."

Maneno yale yalimchoma Nakijwa kuliko yote. Akajishika tumbo. Mtoto alikuwa ameacha kucheza, kana kwamba naye anasikiliza. Akafungua mdomo aseme, "Mwacheni aende," lakini mdomo ule ule ulitaka kusema, "Nipeni mimi," na hakujua ni neno lipi litatangulia kutoka.

Mbonea akainamisha chungu. Kata ikakwaruza chini.

Nanyi mlioketi hapa, msinitazame mimi, semeni upesi, maana pombe inaisha: aliyekihifadhi kimea, aliyeilisha chachu, na aliyepika, je, nani alistahili kubaki naye? Au hakuna hata mmoja?