Kabla Hujahamia, Sinzia

"Kabla hujahamia, sinzia." Hivyo ndivyo walivyonena wahenga wetu watukufu, wenye ndevu ndefu na busara ndefu kuliko ndevu. Na mimi, mrithi halali wa hekima yao, nimepewa leo jukumu zito la kuwafunulia asili ya maneno hayo. Sogeeni. Geuzeni ndoo zenu mkalie. Wewe Sekela, kamua soksi zako vizuri, zinanidondokea kichwani.

Ninyi wa kidato cha kwanza mlinisikia nikimwambia matroni maneno hayo aliponikuta nimelala hapa nyasini, wakati ni zamu yangu kulinda nguo zisiibwe kambani. Mmeona alivyoondoka bila kuniadhibu, akitikisa kichwa. Hiyo ndiyo nguvu ya methali. Nanyi mmeuliza ilitoka wapi. Basi methali hii ilianza hivi.

Hapo kale, katika mji mkubwa wenye vilima vya mawe, waliishi mke na mume, Nyamizi na Masunga. Masunga alikuwa dereva wa lori. Akiondoka na mzigo kwenda mpakani, hurudi mwezi mwingine umeandama. Nini, Sekela? Ndiyo, hapo kale malori yalikuwepo. Machache.

Walipanga chumba katika nyumba yenye milango mingi. Siku moja ya mvua, Masunga akiwa safarini, Nyamizi alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Aligonga ukuta kumwita jirani. Akasikia jirani akiongeza sauti ya redio. Aligonga mpaka vidole vikachubuka, na redio ikaendelea kuimba. Mimba ile haikufika. Hapo sifanyi mzaha.

Tangu siku ile usingizi ulimhama. Alilala kama mtu anayesubiri kuitwa, jicho moja mlangoni. Ilipokuja mimba ya pili, Masunga akasema, "Mke wangu, tutafute mtaa wa kukaa kabisa, tulee mtoto." Walijua wakikosea safari hii, hakutakuwa na pesa ya kuhama tena, na mtoto atazaliwa baba yake akiwa njiani.

Masunga alitafuta mtaa kama dereva: alitazama barabara. Akapenda mtaa mmoja wa mageti, njia pana, bomba ndani ya nyumba, vigae vya sakafuni unajiona uso. "Nambie sasa," alisema, "una kasoro gani?"

Nyamizi alizunguka akitazama, hakuona kasoro. Kisha akasema, "Ngoja nisinzie hapa kidogo."

"Usinzie?"

"Ukiwa macho, kila mtaa hukuvalia nguo za Idi. Ukisinzia, mtaa husahau kuwa upo, ukauona na kanga yake ya jikoni."

Akatandika mkeka kivulini, nje ya geti moja. Usingizi haujamfika hata kopeni, akaja mlinzi. "Mama, hapa hapakaliwi."

"Nimechoka, mwanangu. Si unaona hali yangu?"

"Naona. Kachokee kwenu."

Dirishani juu pazia lilifunguka kidogo, likafungwa. Nyamizi akakunja mkeka wake. Masunga alikasirika, lakini aliyemkasirikia ni mkewe.

Siku nyingine Nyamizi alipanda peke yake mtaa wa kilimani, nyumba zilizobanana na mawe kama mbuzi wanaokwepa mvua. Njia ilikuwa mbaya, bomba moja kwa watu wote. Alipofika kati alikuwa hoi. Akaona jiwe kubwa lenye kivuli, akatandika, akajinyoosha. Hakukusudia hata kupima. Alichoka tu.

Akazama. Usingizi ule ulikuwa mzito na mtamu, kama maji ya ndoo yaliyokaa juani. Aliota kwamba mtaa mzima unapumua, kilima kikipanda na kushuka polepole chini ya mgongo wake. Harufu ya vitunguu ilikuja ikamzunguka. Ungo ulipepeta mchele, shaa, shaa, na sauti za wanawake zikapita juu yake kama mawingu madogo. "Miguu imemvimba, masikini." "Mwache." "Jua linamfuata huko." Halafu aliota anaelea, ardhi ikiteleza chini yake taratibu, wala hakuogopa. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mvua, macho yake yote mawili yalifumba.

Alipozinduka, jua lilikuwa limegeuka. Jiwe lililokuwa kulia kwake alipolala sasa lilikuwa kushoto. Amefunikwa kanga asiyoijua. Wanawake watatu walikuwa wanachambua mchele karibu na miguu yake.

"Karibu tena duniani," alisema mkubwa wao.

"Shikamoo, mama. Hapa nimefikaje?"

"Marahaba. Tumekuvuta na mkeka wako. Mara mbili! Jua linakuja, tunakuvuta. Hee, binti, wewe ni mzito!"

"Na kama ningekuwa mwizi?"

"Mwizi gani anakoroma vile? Watoto walidhani mashine ya kusaga imefunguliwa." Wakacheka wote. Kisha yule mama akauliza kwa upole, "Umetokea wapi na hali hiyo? Umekula?"

Nyamizi alitaka kujibu, akalia. Hawakumuuliza analilia nini. Mmoja alisogeza sahani.

Masunga aliposikia, alishika kiuno. "Yaani tuache vigae, tuache bomba, kwa sababu ulipata usingizi?"

"Bomba haliitiki nikiita, baba."

Masunga aliachia kiuno. Yeye pia aliikumbuka ile redio, ingawa hakuwahi kuisikia. Wakahamia kilimani.

Uchungu ulipoanza, Masunga alikuwa mpakani, kama ilivyotarajiwa. Nyamizi aligonga ukuta mara moja. Kabla hajagonga ya pili, mlango umejaa watu. Gari halipandi kule, basi walimpakia kwenye toroli la kubebea mchanga, wakamtandikia magodoro ya nyumba tatu, wakamteremsha kilima huku mmoja akiyafokea mawe yapishe. Wakamfikisha hospitali. Akazaliwa mtoto wa kike, mzuri kupita kiasi, mwenye kipaji kikubwa ambacho mwalimu wake wa hesabu hajakigundua mpaka leo.

Umesemaje, Sekela? Hapo kale mwalimu wa hesabu alikuwepo?

Machache... alikuwepo mmoja...

Msicheke. Sawa. Nimekamatika. Hakuna ndevu. Wahenga wenyewe ni mtu mmoja, yuko hai, anauza vitumbua, naye ni mama yangu. Maneno hayo alimwambia baba siku wanafunga mizigo, baba alipouliza, "Sasa majirani wakituuliza kwa nini tumewachagua wao, tutawajibu nini?" Kilimani wote wanayasema, mpangaji mpya akija. Nikiwa likizo nikasinzia kibarazani kwa yeyote, naamka nimefunikwa, na sijui kanga ni ya nani mpaka nipite nyumba kwa nyumba nikiuliza. Methali ni ya kweli. Uongo ni ndevu tu.

Kabla hujahamia, sinzia.