Torkil na Mawe ya Vita

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Hii ya leo ina aibu ndani yake, nami nitaisimulia nikitazama chini.

Zamani hizo, katika milima ya baridi ya Uskoti, palikuwa na ukoo wa wafuga ng'ombe. Mkuu wao akiitwa Torkil. Walikuwa na desturi: kila mwanamume aendaye vitani huweka jiwe moja nje ya kijiji. Akirudi, huliondoa. Yanayobaki ndiyo kaburi la wasiorudi.

Siku moja Torkil akaalikwa karamu na ukoo wa jirani. Paja la ng'ombe, haki ya mkuu, akapewa mtu mwingine. Yeye akapewa shingo. Akasusa, akarudi kwake amevimba kama andazi.

"Kesho tunakwenda vitani," akasema.

Marsali, mama mwenye mume na wana wawili, akamwambia, "Baba, shingo nayo ni nyama."

"Mkuu hali shingo."

Basi wakaweka mawe. Ko! Ko! Ko! Mume wa Marsali, ko! Wanawe, ko! ko! Torkil wa mwisho, ko!

Siku ya tatu wakarudi. Wakaondoa mawe. Ko. Ko. Ko. Kisha kimya. Yalibaki mengi, na matatu ni ya nyumba ya Marsali. Torkil akainama, akalichukua lake.

Marsali akamwuliza, taratibu tu, "Baba, paja umelipata?"

Torkil uso ulimshuka. Alitamani ardhi ipasuke immeze, nayo ardhi haikumtaka. Akalirudisha jiwe.

"Mimi nami sikurudi," akasema.

Aliishi miaka ishirini baada ya hapo. Akimkatia Marsali kuni, akimchungia ng'ombe wake, wala hakuwahi kumtazama usoni. Karamuni, wakimpa paja, husema, "Nipeni shingo." Na waliotaka vita aliwapeleka kwenye mawe, akawaketisha hapo mpaka hasira ziwaishe.

Alipokufa, Marsali, sasa bibi kizee, alikwenda kwenye mawe kwa mkongojo. Akaliondoa jiwe la Torkil. Ko.

"Sasa amerudi," akasema.

Mpaka leo mkuu wa ukoo ule hula shingo.

Nami, wenzangu, niliwahi kususa pilau ya arusi kwa kukosa mnofu, nikatia fitina ndugu wakanuniana mwaka mzima. Naona haya hata sasa. Hasira hasara, na hasara ya mkubwa hulipwa na watoto wa wenzake.

Yangu yamekwisha. Mwenye sahani na ale alichopewa.